Wimbo Kama Shahidi: Jinsi Waimbaji wa Zamani wa Bluzi Walivyopatikana Tena

Mwenye kutafuta habari za watu ambao wakubwa wa zama zao hawakuona haja ya kuwaandika, mara nyingi hulazimika kuziuliza nyimbo. Sisi tunaoshughulika na Kiswahili twaijua kazi hiyo, kwa kuwa habari nyingi za mwambao zimo katika tenzi na mashairi. Lakini wimbo ni shahidi wa namna gani? Ni katika maneno gani yafaa kumsadiki, na katika yapi yatupasa kumhoji? Katika makala haya nataka kulitazama swali hilo kwa mfano wa nchi ya mbali, yaani habari za waimbaji wa bluzi wa Mississippi, kusini mwa Marekani, waliosahauliwa na wauzaji wa santuri wakapatikana tena katika miaka ya 1960.

Bluzi ni nyimbo za Wamarekani Weusi, zilizokua huko kusini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ubeti wake ulio maarufu una mistari mitatu: wa kwanza husema neno, wa pili hulirudia, na wa tatu hulijibu. Mwaka 1920 Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh, na sahani ile ikauzwa kwa wingi hata makampuni yakatambua kwamba Watu Weusi nao ni wanunuzi. Miongoni mwa walioingia katika biashara hiyo ni Paramount, tawi la kampuni ya kutengeneza viti huko Wisconsin. Waungwana hao walikuwa wakitengeneza makabati ya gramafoni, wakaona yafaa watengeneze na sahani za kupigwa humo. Nia yao ilikuwa kuuza. Mambo hayakuwa mbali na hayo kwetu Afrika Mashariki: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine za HMV, kampuni ilikuwa ikitafuta wateja, wala haikuwa na shauri la kutuwekea akiba.

Mwaka huohuo wa 1928 mkulima mmoja wa Mississippi, John Hurt, aliimbia kampuni ya Okeh mara mbili, kwanza Memphis mwezi wa Februari, kisha New York mwezi wa Desemba. Sahani zake hazikuuzwa sana. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, biashara ya santuri ikadhoofika, na Hurt akarudi shambani. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna kampuni iliyomwita tena. Mwaka 1952 nyimbo zake mbili zilitiwa katika mkusanyo wa nyimbo 84 uliotengenezwa na Harry Smith na kutolewa na kampuni ya Folkways. Vijana wa mijini wakazisikia, nao wengi wakadhani kwamba mwimbaji amekwisha kufa.

Lakini miongoni mwa nyimbo alizoziimba New York ulikuwamo mmoja uitwao "Avalon Blues", na humo mwimbaji alikitaja Avalon kuwa ndiko kwao. Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, aliusikiliza wimbo huo, akatafuta jina hilo katika kitabu cha ramani cha zamani, akakiona kijiji hicho Mississippi, kati ya Greenwood na Grenada. Akasafiri hadi huko, akauliza njia, akaelekezwa. Hurt alikuwa yupo. Mwaka huohuo akaimba katika tamasha la Newport na kurekodiwa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Alifariki mwezi wa Novemba 1966, akiwa amesikiwa katika miaka mitatu na watu wengi kuliko waliomsikia katika miaka yake yote ya nyuma.

Mfano wa pili ni wa Bukka White. Mwaka 1940 aliimba juu ya mji wa Aberdeen, Mississippi. Mwaka 1963 vijana wawili, John Fahey na Ed Denson, waliandika barua na kuipeleka posta ya Aberdeen, wakitaja juu ya bahasha kwamba ni ya Bukka White, mwimbaji mzee wa bluzi. White alikuwa amehamia Memphis zamani, lakini barua ikamfuata huko ikamfikia.

Msomaji aweza kusema, basi wimbo ni shahidi mwema. Ngoja kwanza tuutazame mfano wa tatu. Robert Johnson alirekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. John Hammond alipomtafuta ili aimbe New York katika onyesho la Desemba 1938, aliambiwa kwamba Johnson alikwisha kufa. Naye alikufa mwezi wa Agosti mwaka uleule. Sahani ya nyimbo zake ilipotolewa upya mwaka 1961, waliozisikia walikuwa hawana mtu wa kumwuliza, wakamwuliza wimbo. Katika "Cross Road Blues" yumo mtu aliyesimama njia panda. Kutokana na hayo, na masimulizi mengine ya mitaani, ikaenea hadithi kwamba Johnson aliiuza roho yake kwa shetani hapo njia panda ili apate ustadi wa gitaa. Ukiyachunguza maneno ya wimbo, shetani hatajwi wala mapatano hayamo. Wakati huo cheti cha kifo chake kilikuwa kimelala katika ofisi za serikali, hata Gayle Dean Wardlow alipokipata mwaka 1968.

Njia iliyowafikisha watu kwa Hurt ndiyo iliyowapoteza kwa Johnson. Kwa nini? Nadhani jibu lipo katika namna ya maneno yenyewe. Jina la mahali ni neno linaloweza kupimwa nje ya wimbo: Avalon ama ipo katika ramani ama haipo. Lakini neno "mimi" katika wimbo halina ramani. Huenda likawa ni mwimbaji mwenyewe, au jirani yake, au mtu yeyote aliyepatwa na usiku njiani. Mtafiti aliyeyashika yote mawili kwa mkono mmoja hufanya kosa ambalo hata sisi tumelifanya, tunaposoma shairi la mapenzi na kumtafutia mshairi mke ambaye hakuoa.

Limebaki neno moja la lugha. Twasema waimbaji hawa "waligunduliwa". Kitenzi kugundua, katika maana yake ya zamani, ni kumjia mtu ghafula pasipo yeye kutazamia, hata akashtuka. Nayo maana hiyo yafaa hapa kuliko tunavyodhani. Yasimuliwa kwamba Hurt alipomwona Mzungu mgeni mlangoni pake alidhani ni askari amekuja kumkamata. Hofu yake ilikuwa na msingi: mwezi wa Juni 1964, katika jimbo hilohilo, vijana watatu waliokuwa wakitetea haki ya Watu Weusi ya kupiga kura, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa. Ama majirani wa Avalon, hao hawakumgundua Hurt hata siku moja, kwa sababu hakuwapotea. Walimjua nyumba yake, wakamwonyesha mgeni njia. Basi kila tuandikapo kwamba mtu fulani amegunduliwa, yatupasa tuongeze: na nani, na alikuwa amempotea nani.