Masomo ya vitendo yasiyomgharimu mzazi Kitale na Bungoma

KWA wazazi wengi, masomo ya vitendo yamegeuka kuwa jina jingine la gharama. Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kote nchini Januari 2019, malalamishi kuhusu manila, rangi na picha za kuchapishwa yamesikika mara kwa mara. Mtoto anayefika darasani mikono mitupu huishia kutazama wenzake wakijifunza.

Hata hivyo, Kitale na Bungoma zimo katika ukanda unaolisha taifa kwa mahindi, na shamba lina vifaa tele visivyonunuliwa.

Gredi ya 1 hadi 3, Hisabati: Kila kikundi hupewa hindi kavu. Watoto huhesabu safu za punje, huandika idadi ubaoni, kisha hupukusa na kupanga punje katika mafungu ya kumikumi. Karibu kila mara idadi ya safu huwa shufwa: 12, 14 au 16. Mwalimu asiwadokezee, wacha wagundue. Sababu ni kwamba maua ya kike ya mhindi huota mawili mawili.

Gredi ya 4 hadi 6, Kiswahili: Kundi moja huandika maagizo ya kupanda mbegu. Kundi la pili huyatekeleza jinsi yalivyoandikwa, bila kuongeza neno. Hatua iliyosahaulika hujifichua papo hapo, na insha huandikwa upya.

Gredi ya 4 hadi 6, Masomo ya Jamii: Shule zilizo karibu na Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974, zinaweza kuchora ramani za maboma ya jadi yaliyojengwa humo. Zilizo karibu na Webuye zina kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895.

Gredi ya 7 hadi 9, Sayansi na Kilimo: Mahindi machache hufunikwa kwa mifuko ya karatasi kabla ndevu hazijachomoza, na kuachwa hivyo kwa wiki tatu hivi. Mengine hayafunikwi. Wakati wa kuvuna, yaliyofunikwa hupatikana karibu bila punje, kwani kila unywele wa ndevu hupeleka chavua kwenye punje moja. Kudhibiti chavua ndio msingi wa mbegu chotara zilizoipa sifa Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka wa 1956.

Masomo haya yote yana kanuni moja: mkono hutangulia, maelezo ya mwalimu hufuata. Mwanafunzi hukisia, hujaribu, huandika alichokiona, ndipo afafanuliwe. Alama nazo zitolewe kwa alichogundua, wala si kwa urembo wa karatasi aliyonunuliwa. Mwalimu akizingatia hayo, mtoto wa kibarua na mtoto wa tajiri watashika hindi lile lile na kuulizwa swali lile lile.