Ikirari si Ombi

Nimeletewa kijitabu cha istilahi za sheria, kazi ya kamati ambayo siitaji, kwa heshima ya chai waliyowahi kuninywesha. Humo nikakuta "ombi la hatia". Nikakifunga, nikakifungua tena, nikidhani macho yamenidanganya. Ni nani huyo wa Likoni aliyeraukia feri akavuke kwenda kumwomba hakimu hatia? Mtu huomba maji, huomba radhi, huomba dhamana. Hatia huikimbia.

Waliolitunga waliona neno la Kiingereza, plea, likawakumbusha kubembeleza. Wangelifuata nyuma kidogo wangefika kwenye Kifaransa cha kale, kisha Kilatini, placitum: jambo lililoridhiwa, uamuzi uliowapendeza wakubwa barazani. Hamna mwombaji humo.

Mimi nasema ikirari, na nimeisema muda mrefu kabla ya kijitabu hicho. Mzizi wake ni qarra ya Kiarabu, kutulia mahali. Ikazaliwa aqarra, kulithibitisha jambo, nasi tukapata kukiri. Na iqrar vinywani mwetu ikawa ikirari. Kubali pia ni ya Kiarabu, lakini hiyo ni ya kupokea unachopewa, kama posa. Kuungama tumwachie padri. Ikirari imekuja na masharti yake mkononi: mafakihi walitaka anayekiri awe na akili timamu, awe baleghe, na aseme kwa hiari. Sasa fungua ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Mshtakiwa aelezwe shtaka kinaganaga kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujitayarisha, ajulishwe mapema haki yake ya wakili, apate mkalimani bila malipo, na akitaka anyamaze. Akili na hiari zile zile, zimevaa suti.

Mpinzani wangu mmoja, ambaye kurasa za vitabu vyake nimeziona zikifungiwa mahamri, anadai ikirari kwa mafakihi ni ya deni zaidi kuliko kosa. Najua, bwana. Ndiyo maana nalipenda neno hili: haliachi kuulizwa, ikirari ya nini?

Na katika kesi za ushuru swali hilo ndilo kesi yenyewe. Siku moja nilikuwa nimeketi katika mahakama moja huku ng'ambo ya kisiwa, muuza vipuri wa Changamwe yuko kizimbani. Karani akasoma kwa Kiswahili cha kamusi: kwa kujua, aliacha kuonyesha mapato katika taarifa yake ya kodi. Ni kweli ama si kweli?

"Ni kweli, mheshimiwa. Kodi nadaiwa. Miezi mitatu sasa, biashara imelala."

Kalamu tayari ilikuwa inateremka. Kwetu Mombasa, kodi ni ya mwenye nyumba. Ya serikali ni ushuru, kutoka ushr, sehemu moja ya kumi. Hakimu, Mungu amweke, akainua kichwa: "Kodi ya nini, mzee?"

"Ya duka, mheshimiwa."

Ikaandikwa kwamba amekanusha.

Kifungu cha 97 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 hakimtafuti mwenye deni, kinamtafuta aliyeficha akijua anaficha. Na cha 104 chaweza kumfunga hadi miaka kumi. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuagiza: shtaka lifafanuliwe kiungo kwa kiungo, jibu liandikwe kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha asomewe maelezo ya tukio apate nafasi ya kuyapinga. Asipofanyiwa hivyo hasara ni yake, maana kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai humbakishia aliyekiri rufaa ya adhabu tu, naye atalazimika kumshawishi jaji kwamba hakuelewa alichokiri. Basi neno moja la karani lina uzito wa gereza, na kamati inatuletea ombi!

Matumizi ni mepesi: ametoa ikirari ya kosa, ikirari yenye utata, na yale mapatano na mwendesha mashtaka, ya vifungu 137A hadi 137O vya sheria hiyo ya mwenendo wa kesi za jinai, ni mapatano ya ikirari.

Kijitabu nimekirudisha kwa mkono, kimepigwa mistari myekundu. Chai sijaalikwa tena.