Picha Inayoliwa Kingo: Urithi wa TV za Kichogo

Mwenye kibanda cha filamu Konyo Konyo, jijini Juba, akichomeka laptopu kwenye TV bapa kwa waya wa HDMI, picha hutokea vizuri, ila saa ya pembeni haionekani na maandishi ya tafsiri yamekatwa miguu. Watazamaji huanza kunung'unika. Wa kwanza kushukiwa ni waya, na wapo wanaokwenda kununua mwingine. Pesa hiyo inaniuma, kwa sababu waya hauna kosa. Kinachokula kingo ni tiba ya umeme mbovu iliyobuniwa enzi za TV za kichogo, ikabaki hata baada ya kichogo chenyewe kutoweka.

Ndani ya kichogo mlikuwa na bomba la kioo. Elektroni zilirushwa kutoka nyuma, zikapindwa na sumaku, zikachora picha mstari kwa mstari kwenye kioo cha mbele. Umeme ukiyumba, mchoro nao ulitanuka au kusinyaa. Vipuri vikichakaa, picha ilihama. Waliotazama TV hizo Juba kwa umeme wa jenereta, katika miaka iliyofuata mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, wanaijua picha inayosinyaa. Basi watengenezaji wakaikuza picha kupita ukubwa wa kioo na kuficha kingo nyuma ya fremu, ili hata ikisinyaa mtazamaji asione ukanda mweusi. Watangazaji wakafuata: SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, kilipendekeza matukio muhimu yakae ndani ya asilimia 90 ya picha, na maandishi ndani ya asilimia 80. Ndiyo maana matokeo ya mpira yaliandikwa mbali na ukingo.

Kompyuta ina desturi nyingine: huandika mpaka pembeni kabisa. Waliotengeneza Commodore 64 na ZX Spectrum mwaka 1982, mashine zilizotumia TV ya sebuleni kama kioo chake, waliijua hatari hiyo. Wakazungushia picha ukanda mpana wa rangi tupu, ili TV ikate ukanda na kuacha maandishi. Ni ufundi wa heshima sana. Baadaye kompyuta ikazoea vioo vyake yenyewe, na tahadhari ile ikasahaulika.

HDMI, iliyotangazwa mwaka 2002, ikazikutanisha tena kompyuta na TV. TV bapa yenye nukta 1920 kwa 1080 haina kinachotikisika ndani, lakini nyingi ziliendelea kukata, kwa kuwa matangazo ya zamani yalikuwa na kingo chafu. Piga hesabu: TV ikikata asilimia 5 ya kimo, mistari 27 hupotea juu na 27 chini, na upau wa chini wa Windows 10 una mistari 40 tu. Kisha kilichobaki huvutwa kijaze kioo, herufi zikafifia.

Dawa iko kwenye rimoti, katika menyu ya ukubwa wa picha. Samsung huiita "Screen Fit", LG "Just Scan", Sony "Full Pixel", Sharp "Dot by Dot". Kazi ni moja: kila nukta ya kompyuta ikae kwenye nukta yake ya kioo. Isipokuwepo, kwenye TV kadhaa inatosha kulipa tundu la HDMI jina la "PC". Kupunguza picha kwenye laptopu kuwe njia ya mwisho, kwani kingo zitarudi lakini herufi zitabaki na ukungu. Laptopu zenye kadi ya picha ya AMD huweza kuwa na kasoro ya kinyume: programu ya kadi wakati mwingine huipunguza picha kwa kuhofia TV ya zamani, ukanda mweusi ukazunguka pande zote. Hapo TV haina la kurekebishwa. Fungua programu ya kadi, usogeze kipimo cha kupunguza picha hadi sifuri, picha ifike ukingoni.