Ste5: Protini Iliyodhaniwa Haina Kazi

Hamira ileile iumuayo unga wa maandazi ndiyo iliyowafunza wataalamu jinsi chembe hai ipelekavyo habari kutoka utando wake wa nje hadi kwenye kiini. Kwani chembe za hamira zina jinsi mbili, a na alfa, na kila jinsi hutoa kemikali ya kumwita mwenziwe, naye aitwaye huacha kugawanyika, akavuta upande mmoja wa mwili wake kumwelekea mwitaji, hata wakakutana na kuwa kitu kimoja.

Mwaka 1980, huko Seattle, Marekani, Leland Hartwell, ambaye mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa mgawanyiko wa chembe, alitangaza habari za hamira zenye ila katika urithi wake, ambazo, japo zilitiwa kemikali hiyo ya mwito, ziliendelea kugawanyika kana kwamba hazikuitwa. Na miongoni mwa jeni zenye ila ilikuwamo STE5, iundayo protini Ste5. Ilikuja kufahamika kwamba Ste11, Ste7 na Fus3 ni vimeng'enya vipokezanavyo habari kwa kutiana fosfeti, cha kwanza kwa cha pili, na cha pili kwa cha tatu. Bali Ste5 haikuonekana kuwa na kazi yoyote ya kimeng'enya, ilhali pasipo hiyo mwito hukatika njiani.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1994, maabara ya Elaine Elion wa Harvard, pamoja na nyingine za Oregon na Cold Spring Harbor, zilipobainisha kuwa Ste5 ni jukwaa livishikalo vimeng'enya vyote vitatu, kila kimoja mahali pake.

Hikima yake ni hii: Ste11 hutumika pia katika njia ya kujihami na chumvi, ambako jukwaa lake ni Pbs2, mithili ya fundi mmoja mwenye matajiri wawili, na amri ya huyu isivuke kwa yule. Mwaka 2003, Wendell Lim na wenzake wa San Francisco waliyaunga majukwaa hayo mawili kuwa protini moja, na hamira iliyopata mwito wa ndoa ikajibu kwa kujihami na chumvi.

Na mwaka 2009 maabara hiyohiyo ya Lim ikadhihirisha kwamba Ste5 haishiki tu, bali huifungua Fus3 ili Ste7 ipate kuitia fosfeti. Basi hata ule upungufu iliosingiziwa tangu awali ukabatilika.