Lebo ya Jiwe na Jina la Mtaa

Mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, umewahi kuwa na majina mawili. Wafanyabiashara Wagiriki, waliojenga maduka na majengo mengi ya katikati ya mji wakati wa utawala wa Waingereza, waliuita Mtaa wa Wagiriki. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni Hai Jalaba. Hai kwa Kiarabu ni mtaa. Jalaba ni wachuuzi waliotoka kaskazini mwa Sudan, na huku kusini neno hilo linabeba pia kumbukumbu chungu za karne ya 19, enzi ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Anayelisoma jina hili kwenye ramani anaambiwa nani alikuja kuuza. Haambiwi nani alijenga, seuze Wabari ambao kijiji chao ndicho kilichoupa mji jina la Juba.

Insha hii inadai kwamba lebo za mawe yanayohifadhiwa katika makumbusho na makabati ya wakusanyaji hufanya jambo lilelile. Lebo ni hati ya kihistoria, na inapaswa kusomwa kwa maswali tunayoyauliza hati nyingine: nani aliandika, lini, na nani ameachwa nje? Mfano nitakaoutumia ni uleksaiti.

Uleksaiti ni madini meupe ya boroni, sodiamu na kalisi, yenye maji ndani yake. Hupatikana katika maziwa yaliyokauka kwenye nchi za jangwa. Huwa na maumbo mawili yanayojulikana zaidi. La kwanza ni madonge laini yanayofanana na pamba. La pili ni mapande magumu yenye nyuzi zilizonyooka na kulala sambamba, yanayong'aa kama hariri. Pande la aina ya pili likikatwa na kusuguliwa pande zote mbili, kisha likawekwa juu ya ukurasa, maandishi huonekana kana kwamba yamepanda juu ya jiwe. Kila uzi husafirisha mwanga kutoka chini hadi juu, kama ufanyavyo mkongo wa mawasiliano. Kwa sababu hiyo wakusanyaji hulipenda sana na hulipa jina la utani la jiwe la televisheni.

Tuanze na jina. Katika jangwa la Tarapacá, Amerika ya Kusini, wachimbaji waliliita tiza, yaani chaki kwa Kihispania. Mnamo 1849 mkemia Mjerumani Georg Ludwig Ulex wa Hamburg alilichunguza kikemia, na mwaka uliofuata Mmarekani James Dwight Dana akalipa jina la Ulex. Tangu hapo, lebo zote huandikwa jina la aliyelipima. Waliolichimbua wakaachiwa chaki yao.

Pili, mahali. Ulex alipofanya kazi yake, Tarapacá ilikuwa sehemu ya Peru. Vita vya Pasifiki vilipokwisha mwaka 1883, jimbo hilo likawa la Chile. Kwa hiyo lebo ya zamani isemayo Peru na lebo mpya isemayo Chile zinaweza kuwa zinataja jangwa moja. Sisi wa Juba tunalielewa hili bila kufafanuliwa. Jiwe lililookotwa hapa mwaka 1950 lingeandikwa Sudan ya Waingereza na Wamisri. La mwaka 1960, Sudan. Na la baada ya tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini. Jiwe halikusogea hata hatua moja.

Tatu, mikono. Katika Bonde la Mauti, California, kiwanda cha Harmony kilifanya kazi kati ya 1883 na 1888. Vibarua kutoka China walikusanya madonge ya uleksaiti kwenye chumvi ya ziwa lililokauka, na madonge hayo yakachemshwa ili kupata boraksi. Wakati wa kiangazi kazi ilisimama, kwa kuwa joto lilizuia hata boraksi isigande. Mzigo ulivutwa na misafara ya baghala kwa takriban kilomita 265 hadi reli ya Mojave. Baadaye boraksi ikauzwa madukani kwa chapa yenye jina la baghala ishirini. Yaani wanyama waliingia kwenye lebo, lakini Wachina walioinama juu ya chumvi hawakuingia.

Uzuri nao huchagua. Mapande yanayopendwa na wakusanyaji hutoka zaidi Boron, California, kwa kuwa yana nyuzi zilizonyooka. Yale madonge ya pamba, ambayo ndiyo yaliyobeba jasho la Bonde la Mauti, hayana mvuto katika kabati. Hivyo basi, mkusanyiko wa mawe mazuri haufanani na historia ya uchimbaji wenyewe.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka Ziwa Magadi, Kenya, na majina yake yakawa magadaiti na kenyaiti. Hapa neno la jikoni kwetu, magadi, liliingia katika sayansi ya dunia. Mwaka huohuo tanzanaiti iligunduliwa Mirerani. Kampuni ya Tiffany ya New York iliipa jina la nchi, lakini Jumanne Ngoma alisubiri hadi Aprili 2018 ndipo Rais John Magufuli alipomtambua hadharani kuwa mgunduzi na kumpa shilingi milioni 100. Jina la nchi peke yake halikutosha kumfikisha mtu kwenye lebo.

Mtu anaweza kupinga kwamba jina la kisayansi ni la lazima, kwa maana tiza ingeweza kuchanganywa na chaki halisi. Hoja hiyo ni sahihi. Hata hivyo, usahihi wa kikemia haukatazi kuongeza mistari miwili: jina linalotumiwa na wenyeji, na nani aliyelichimbua.

Sudan Kusini ina wachimbaji wadogo wa dhahabu katika eneo la Kapoeta, wanaoijua ardhi hiyo kabla ya mwanajiolojia yeyote kufika. Wengi wao bado wako hai na wanaweza kuulizwa. Jina la Hai Jalaba lilijiandika lenyewe midomoni mwa watu, na sasa ni vigumu kulirekebisha. Lebo za mawe yetu nyingi bado hazijaandikwa. Ziandikwe zikiwa na mistari hiyo miwili, wakati walio na majibu bado wapo.