Boy Aliyekataa Dola 250,000 Kwa Sababu Mathe Alisema Asome

Hebu jiweke hapa. Uko na miaka 19, ndio unamaliza sekondari. Kwenu mko watoto kumi, wewe ni wa nane. Mamako anasafisha vyumba vya hoteli ndio mle. Halafu siku moja timu kubwa kuliko zote kwenye mchezo wako inakuja na kusema: shika dola 250,000, weka sahihi hapa.

Unafanya nini?

Mimi najua ningefanya nini. Ningeuliza kama wako na kalamu.

Huyo boy alikuwa anaitwa Vincent Edward Jackson. Dunia ilimjua kama Bo. Mwaka ni 1982, mahali ni Bessemer, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Timu ni New York Yankees ya besiboli. Na Bo akasema hapana. Hakuwa anavuta bei ipande. Mathe alitaka aende chuo kikuu, awe wa kwanza kwa familia yao, na yeye alikuwa amemwahidi.

Wasee, hii stori nimeisoma usiku karibu wiki mbili sasa, na kuna sababu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Mamangu hajawahi kulisema vibaya mbele ya watu, lakini kila Krismasi anauliza swali lilelile. Kwa hivyo nikiona mahali mama, cheti na pesa vimekutana, nasimama.

Kwanza tuelewe venye mambo huenda huko. Marekani, michezo imeshikana na shule kuliko mahali pengine popote unapojua. Chuo kikuu kinaweza kuwa na uwanja wa watu zaidi ya elfu themanini, na televisheni inalipa kuonyesha mechi za wanafunzi. Sasa ili kupata wachezaji, makocha wa vyuo wanazunguka shule za sekondari. Wanakaa kwa sebule yenu, wanakunywa chai ya mamako, wanasifu nyumba hata kama paa linavuja. Ni kama wazee wamekuja posa. Mahari ni ufadhili wa masomo: karo, chumba, chakula na vitabu. Bibi harusi ni mtoto wa miaka 17 au 18.

Na kama huyo mtoto anacheza michezo miwili vizuri, foleni ya posa inafika barabarani.

Bo alikuwa hivyo. Shule yake ilikuwa McAdory. Kwa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega makubwa, hakuna aliyeweza kumkamata. Kwa besiboli, mwaka wake wa mwisho alipiga mipira 20 nje ya uwanja katika mechi 25. Halafu kama hiyo haitoshi, alikuwa bingwa wa jimbo wa dekathlon, yale mashindano ya riadha ya vitu kumi, mara mbili. Jina Bo lenyewe lilitoka nyumbani. Alikuwa mtoto mkorofi na mgumu hadi ndugu zake wakamfananisha na nguruwe mwitu dume.

Hapa ndio utamu uko. Besiboli na futiboli zilikuwa na milango tofauti. Timu za kulipwa za besiboli zingeweza kukuchukua moja kwa moja kutoka sekondari na kukupa pesa. Ligi ya futiboli haikuwa inachukua mtoto wa sekondari, lazima kwanza miaka ipite, na hiyo miaka watu waliimalizia chuoni. Kwa hivyo Bo alikuwa na mlango mmoja wa pesa leo na mwingine wa shule. Aliyekuja na mmoja alijua kuna mwingine uko wazi.

Lakini kuna historia nyingine chini ya hii, na ukiikosa utadhani hii ni stori ya michezo tu.

Bo alizaliwa tarehe 30 Novemba 1962. Tarehe 11 Juni 1963, akiwa bado ananyonya, gavana wa jimbo lao, George Wallace, alisimama kwenye mlango wa Chuo Kikuu cha Alabama kuzuia wanafunzi wawili weusi wasiingie kujisajili. Alisimama mlangoni, kimwili, kamera zikiwa hapo. Ilibidi Rais Kennedy aweke walinzi wa taifa chini ya amri yake ndio gavana akatoka njiani. Hata baada ya hapo, ni mpaka 1971 ndipo wachezaji weusi wakaanza kuonekana kwenye timu kubwa ya futiboli ya chuo hicho.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa wakati mlango unafungwa, miaka 19 baadaye chuo hichohicho kinamtaka. Na yeye ndiye anachagua.

Alabama walikuja. Kwa maelezo ya Bo mwenyewe, mmoja wa makocha wao alimwambia huenda akangoja hadi mwaka wa tatu ndio aanze kucheza. Kosa kubwa. Mahasimu wao, Auburn, chini ya kocha Pat Dye, wakasema njoo: utacheza futiboli, na besiboli ucheze, na riadha pia ukitaka. Bo akaenda Auburn.

Tarehe 27 Novemba 1982 Auburn ikakutana na Alabama. Auburn ilikuwa imepoteza mechi hiyo miaka tisa mfululizo. Dakika za mwisho, mpira uko karibu kabisa na mstari, wanampa mtoto wa mwaka wa kwanza. Bo akaruka juu ya ukuta wa watu, akaangukia upande wa pili. 23 kwa 22. Bear Bryant, kocha maarufu kuliko wote wa Alabama, hakukutana na Auburn tena, alistaafu msimu huohuo na Januari iliyofuata akafariki. Ati angengoja mwaka wa tatu.

Hapo kwa mahari sasa, tusidanganyane. Huo ufadhili hauko kwa sababu chuo kina roho safi. Tangu 1973 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa kimebadilisha sheria: ufadhili haukuwa wa miaka minne tena, ulikuwa wa mwaka mmoja, ukiongezwa kocha akitaka. Umeumia? Umegombana na kocha? Karatasi ingeweza isiongezwe. Na mchezaji wa michezo miwili alikuwa dili tamu kwa chuo, kwa sababu alihesabiwa upande wa futiboli. Kwa miaka mingi baadaye, timu ya futiboli iliruhusiwa ufadhili kamili wa watu 85, na besiboli nafasi 11.7 za kugawanya timu nzima. Mtu kama Bo akiingia kwa karatasi ya futiboli, kocha wa besiboli alikuwa anapata nyota bila kutoa hata shilingi.

Hii ya mwaka mmoja naielewa si kwa vitabu. Shuleni kwetu kulikuwa na jamaa, nitamwita Namba Nane. Muhula wa kwanza alikuwa raga, muhula wa pili mpira wa miguu. Chuo kimoja hapa mjini kikamwita kwa sababu ya raga, wakaahidi kulipa nusu ya karo. Wakamwambia aachane na mpira ndio asiumie. Akaachana nao. Mwaka wa kwanza akaumia goti, kwa hiyohiyo raga. Muhula uliofuata jina lake halikuwa kwa orodha. Hakuna aliyempigia simu. Aliambiwa na karani wa karo.

Namba Nane alikuwa na milango miwili, wakamwambia afunge mmoja, halafu wakafunga uliobaki.

Na tusifikiri hiyo ni ya hapa kwetu tu. Miaka ya sabini, Chuo Kikuu cha Washington State kilikuwa kinachukua wakimbiaji kutoka Kenya. Mmoja ni Henry Rono. Mwaka 1978 akiwa mwanafunzi huko alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Rekodi nne! Lakini hakuwahi kukimbia Olimpiki, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na tena 1980. Alikuwa na mchezo mmoja, na mlango wake mkubwa kabisa ukafungwa na wanasiasa mara mbili.

Bo naye walijaribu kumfungia. Mwaka wa 1985 alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. 1986 timu ya Tampa Bay Buccaneers ikawa na haki ya kuchagua kwanza kwenye ligi ya kulipwa, na wakamtaka yeye. Wakamtumia ndege ya mwenye timu aende awatembelee. Bo anasema alihakikishiwa kwamba sheria zinaruhusu. Hazikuruhusu. Aliporudi akaambiwa hiyo safari imemfanya ahesabiwe kama mchezaji wa kulipwa, kwa hivyo besiboli ya chuo imekwisha kwake, katikati ya msimu wa mwisho. Alilia. Yeye amesema miaka yote hiyo kwamba anaamini walifanya makusudi, ili abaki na futiboli pekee.

Akawaambia: mkinichagua mtapoteza nafasi yenu. Wakamchagua, wakiwa na ofa ya zaidi ya dola milioni 7. Unafikiri kuna mtu hukataa hiyo?

Bo alikataa. Akaenda Kansas City Royals, besiboli, kwa dola milioni 1.07 kwa miaka mitatu. Watu wakasema amechizi. Lakini angalia vizuri: aliweza kusema hapana kwa sababu kulikuwa na mahali pengine pa kwenda. Msee wa mchezo mmoja angemeza hasira na kuweka sahihi. Mwaka uliofuata Raiders wakamchukua kwa raundi ya saba, wakakubali acheze futiboli baada ya msimu wa besiboli kuisha. Akawa nyota wa michezo yote miwili.

Nilidhani stori inaishia hapo, na somo ni rahisi: kuwa na mlango wa pili. Na kwa kweli ningeipenda ikiishia hapo, kwa sababu ndivyo mimi hujitetea. Naunda video, nauza fulana, nafanya ushereheshaji wa harusi. Milango mitatu, mathe, unaona?

Lakini tarehe 13 Januari 1991 Bo alikamatwa mguu kwenye mechi dhidi ya Cincinnati Bengals, na nyonga ikaharibika. Alikuwa na miaka 28. Futiboli ikaisha siku hiyo. Besiboli alirudi kidogo 1993 akiwa na nyonga bandia, akaacha 1994. Ile milango miwili ambayo kila mtu aliililia ilikuwa inafunguliwa na mwili mmoja. Nyonga moja ikafunga yote.

Na ile ahadi? Bo aliondoka Auburn 1986 bila kumaliza. Ndio, huyo aliyekataa dola 250,000 ili asome, alitoka bila cheti kama mimi. Mamake alifariki 1992. Alirudi darasani, na mwaka 1995 akapata shahada yake ya masomo ya familia na watoto. Miaka kumi na tatu tangu aahidi. Mtu aliyeahidiwa hakuwepo kuona.

Tangu 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, kwa hivyo mtoto wa leo wa michezo miwili hachagui kati ya pesa na darasa vile Bo alichagua. Hiyo ni haki yao, walichelewa kuipata. Lakini sioni kama inabadilisha ile sehemu ya mwisho.

Juzi nilimsimulia mathe stori yote kwa simu. Nilikuwa nataka acheke kwa ile ya nguruwe mwitu. Alicheka. Halafu akauliza, "Huyo kijana wa watu alirudi shule akiwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu, mum."

"Na wewe uko na ngapi?"

Anajua. Yeye ndiye aliyenizaa.

"Ishirini na tatu."

Akanyamaza, nikasikia anasonga ugali. Kisha akasema, "Basi muda uko. Lakini usiningojeshe kama huyo."

Sijaamua, sitawadanganya. Kuna siku naona cheti ni karatasi tu, na kuna siku naona ni mlango ambao goti na nyonga haziwezi kufunga. Lakini jana niliandikia ofisi ya karo kuuliza nimebakisha deni la ngapi. Wakijibu nitawaambia.