Dereva Asiyekohoa

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye katika historia ya maradhi amesumbuliwa pengine kuliko mgonjwa mwenyewe. Mtu huyu anakula, analala na kufanya kazi kama kawaida, lakini kipimo kinasema ndani yake mna ugonjwa.

Nianze nyumbani. Misigiri, wilayani Iramba katika mkoa wa Singida, ni mahali yanapopumzika malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, kabla ya kuuteremka mlima Sekenke. Mwezi Mei 2020, shemeji yangu, ambaye ni dereva wa malori hayo, alipimwa mpakani akaambiwa ana virusi vya korona. Hakuwa na homa, hakukohoa, wala hamu ya chakula haikumpotea. Alitengwa, na baada ya wiki mbili akapimwa tena, akaonekana hana kitu. Akarudi kwake.

Kumbukeni hali ya siku zile. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva akatakiwa apimwe. Uganda nayo iliamua mwezi huohuo kuwaondoa madereva wa nje katika hesabu ya wagonjwa wake. Dereva wa lori akawa mtu wa kuogopwa kila mahali.

Shemeji alipofika, majirani waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilimkimbia. Penye chai alitengewa kikombe chake peke yake, na watoto wakampa jina la ugonjwa. Kundi la pili lilicheka na kusema kipimo ni cha uongo, kwani mtu atakuwaje na ugonjwa leo na kesho asiwe nao, na huku hajakohoa hata mara moja? Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Dada yangu aliponialika chakula nilitoa udhuru wa kazi, na kazi yenyewe haikuwapo.

Makundi yote mawili yalikosea, na kosa lenyewe ni la zamani. Huko New York, Marekani, alikuwapo mpishi mmoja mzaliwa wa Ireland, Mary Mallon. Mwaka 1906 watu wa nyumba aliyopika waliugua homa ya matumbo, na mchunguzi George Soper akagundua kwamba ugonjwa huo ulikuwa umemfuata mama huyu katika nyumba kadhaa alizofanya kazi. Yeye mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Mwaka 1907 alikamatwa akawekwa kisiwani. Vipimo vyake wakati mwingine vilionyesha vijidudu na wakati mwingine havikuonyesha, hivyo akaamini anaonewa. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 alikutwa akipika hospitalini kwa jina la uongo, na watu wakiwa wameugua. Alirudishwa kisiwani, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1938.

Wafugaji wetu wa Singida hawana haja ya kwenda New York kulielewa jambo hili. Ng'ombe aliyepona ndigana kali huweza kunenepa na kung'aa manyoya, na bado damu yake ikawa na vimelea ambavyo kupe atavibeba na kumpelekea ndama wa jirani. Hakuna mfugaji atakayesema ng'ombe yule ni mwongo.

Lakini hapana budi tutofautishe. Vijidudu vya homa ya matumbo viliweza kujificha ndani ya Mary kwa miaka mingi. Virusi vya korona, kwa watu walio wengi, huondoka mwilini baada ya siku au wiki chache. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha shemeji kiliweza kuwa kweli, na cha pili kikawa kweli pia. Mgeni alikuwapo, kisha akaondoka.

Mgeni huyo huacha nyayo. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu wanaomtambua adui yule yule. Kipimo cha mpakani humtafuta adui mwenyewe, na kipimo cha kingamwili hutafuta nyayo zake baada ya yeye kuondoka.

Jirani zetu Wakenya walizitafuta. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walio Kilifi walipima damu 3,098 za watu waliojitolea damu kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020. Kumbuka kwamba mtu hatolewi damu mpaka awe na afya njema. Walikadiria kwamba watu 4.3 katika kila 100 walikuwa na kingamwili za korona, na Mombasa walifika 8. Ukichukua hata watu wazima peke yao, hesabu hiyo inapita milioni moja. Lakini hadi tarehe 31 Julai Kenya ilikuwa imetangaza wagonjwa 20,636 na vifo 341 tu. Wengi walikuwa wamepitiwa bila kujua. Kwetu Tanzania, ambako takwimu za taifa zilikoma mwanzoni mwa Mei 2020 na zikaanza kusikika tena katikati ya 2021, madereva waliopimwa mipakani ndio waliobeba lawama ya jambo lililokuwa la watu wengi.

Je, aliyepitiwa kimyakimya amepata kinga ya kutosha? Watafiti wa China walilichunguza swali hilo Wanzhou, katika eneo la Chongqing, wakachapisha majibu Juni 2020. Waliwalinganisha watu 37 wasio na dalili na wengine 37 walioumwa. Wale wasio na dalili walikuwa na kingamwili chache zaidi, na baada ya wiki nane hivi, katika kila 100 wao 40 hawakuonekana tena kuwa nazo. Kwa walioumwa walikuwa 13 tu. Hii haina maana kwamba mwili umesahau kila kitu, maana zipo chembe nyingine zinazotunza kumbukumbu ya adui. Lakini ilionyesha kwamba kauli ya "mimi imeshanipitia, sihitaji kitu" haikuwa na msingi imara. Ndiyo maana chanjo zilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, waliowahi kuambukizwa nao walishauriwa kuchanja.

Nayasema haya leo kwa sababu vipimo vya njiani havikwisha na korona. Marburg iliingia Kagera Machi 2023, ikarudi Januari 2025. Kila ugonjwa una sheria yake. Asiye na dalili za Marburg hajulikani kuambukiza wengine, lakini asiye na dalili za korona aliweza. Kabla ya kumkimbia mtu au kumcheka, tuulize kwanza ni ugonjwa gani, unakaa mwilini muda gani, na unapita wapi.

Mimi sikuuliza. Ilinichukua zaidi ya mwaka kwenda Misigiri kumwomba shemeji radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema lililomuuma halikuwa kile kikombe cha penye chai, bali sahani yangu ambayo dada aliipakua siku ile, ikapoa mezani.